Vibanda umiza vya Mtwara mjini: kipimo ni dakika za lala salama

Timu ikiongoza mbili bila, kila kibanda umiza, yaani kibanda cha kulipia kutazama mpira kwenye runinga, ni kizuri. Picha ikikatika watu wanacheka, mtu anapanda juu ya bati kugusa dishi, na hakuna aliyepoteza kitu. Kibanda kinajulikana siku ambayo timu yako iko nyumbani, imetangulia kufungwa, na kuanzia dakika ya 70 inaanza kupindua meza. Hapo umeme, king'amuzi, mabenchi, feni na tabia ya mshika remoti vyote vinaingia kwenye mtihani kwa wakati mmoja. Tathmini hii ni ya huduma hiyo kama inavyotolewa katika mitaa ya Mtwara mjini, Magomeni, Chikongola, Chuno na kwingineko, na sehemu kubwa inafaa pia kwa Lindi mjini na Ruangwa. Majina ya vibanda hayatajwi, kwa kuwa vingi hubadilisha mmiliki au mahali baada ya muda mfupi. Cha maana ni kujua unakagua nini kabla ya kutoa hela mlangoni.

Aina ni tatu. Kuna kibanda cha mbao na bati chenye runinga moja na mabenchi, ambacho kiingilio chake kilichozoeleka ni Sh 500 kwa mechi ya kawaida na Sh 1,000 kwa mechi kubwa. Kuna ukumbi wa matofali wenye skrini mbili au zaidi, ambao hupandisha bei siku ya Simba na Yanga. Na kuna baa, ambako hulipi kiingilio ila unalipia kiti kwa soda au bia. Kwa mechi ya kupindua matokeo, ukumbi wa matofali unaongoza, kibanda cha mbao kinafuata, baa inashika mkia. Sababu zitaonekana huko mbele, ingawa ya baa inaweza kusemwa sasa hivi: kule mpira unagombania spika na muziki, na mara nyingi muziki ndio unaoshinda.

Tuanze na umeme, maana ndiko mechi nyingi zinakofia.

Umeme ukikatika, wengi hudhani hasara ni zile sekunde za giza tu. Hasara kubwa ni king'amuzi kuwaka upya. Kikizimika ghafla, kinahitaji kama dakika moja hadi mbili kuamka, kutafuta mawimbi, kusoma kadi na kurudisha picha. Ongeza muda wa kijana kukimbilia jenereta na kuvuta kamba mara tatu nne, tayari ni dakika nne au tano. Sasa kumbuka Liverpool na Barcelona, Mei 7, 2019 pale Anfield. Liverpool ilikuwa imefungwa 3-0 mkondo wa kwanza. Origi alifunga dakika ya 7, kisha Wijnaldum, aliyeingia baada ya mapumziko, akafunga dakika ya 54 na ya 56. Katizo moja la dakika tatu pale linameza magoli mawili na kukurudisha kwenye mechi nyingine kabisa, huku jirani akikuuliza nani kafunga.

Dawa yake ni ya bei ndogo, na ndiyo alama ya kwanza ya kibanda makini: UPS ndogo, ile ya kompyuta yenye betri ya kushikilia umeme ukikatika, iliyounganishwa na king'amuzi na runinga peke yake. Ya VA 650 inabeba vitu hivyo viwili kwa dakika kadhaa, muda wa kutosha jenereta kuwaka bila picha kukatika. Kosa linalojirudia ni kuchomeka na amplifaya na feni humo humo. UPS inazidiwa, inapiga kelele, inazima kila kitu kwa pamoja. Ukiingia kibandani angalia chini ya meza ya runinga. Ukiona UPS ina waya mbili tu, kaa. Ukiona ina ekstensheni iliyojaa kama mzinga wa nyuki, fikiria kibanda cha pili.

Baada ya hapo kuna jenereta na betri. Hesabu ya kibanda cha kawaida iko hivi: runinga ya inchi 55 inakula kama wati 110, king'amuzi 15, amplifaya 60, feni tatu za wati 60 kila moja ni 180. Jumla wati 365. Jenereta ndogo ya petroli ya kuchanganya na oili, ile ya wati 950 ambayo kwa kazi endelevu ni vizuri kuihesabu kama ya 650 hadi 700, inabeba mzigo huo bila shida. Inachoshindwa ni friji. Friji ya vinywaji ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi, volti zinashuka, na king'amuzi kinajizima na kuwaka upya. Ndiyo maana utaona picha inapotea kila baada ya dakika kadhaa ingawa jenereta inanguruma vizuri tu. Kibanda kinachotumia jenereta kinatakiwa kichomoe friji mpaka kipenga cha mwisho. Soda zitabaki baridi kwa saa mbili kama mlango haufunguliwi ovyo.

Betri na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, ni tulivu zaidi ila zina kikomo. Betri moja ya asidi ya 12V na Ah 100 ina Wh (wati-saa) 1,200, lakini usiishushe chini ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo unazo 600, na inveta yenyewe inakula sehemu. Baki na kama 510. Kwa mzigo wote wa wati 365 inakupa saa moja na dakika ishirini na kitu. Mechi ya kawaida, pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza, inakaribia saa mbili. Maana yake betri hiyo inakufa katikati ya kipindi cha pili, muda ule ule ambao timu iliyo nyuma inarusha kila mtu mbele. Zima feni, mzigo unashuka hadi wati 185, na betri inafika saa mbili na dakika 45, ambayo inatosha hata dakika 30 za ziada na penalti. Mwenye kibanda anayejua kazi yake huzima feni mapema kipindi cha kwanza umeme ukikatika, watu wanalalamika joto, yeye anakaa kimya. Msikasirike naye.

Penalti si jambo la kufikirika. Aprili 9, 2025 Simba ilirudiana na Al Masry kwa Mkapa (Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam) ikiwa imefungwa 2-0 Misri. Ikarudisha zote mbili, na kwa kuwa hapakuwa na nyongeza ya nusu saa, ikaenda moja kwa moja kwenye matuta na kushinda 4-1. Kibanda kilichopiga hesabu ya mafuta ya dakika 90 kamili kilikuwa na kazi siku hiyo.

Sasa dishi. Ligi Kuu inaonyeshwa na Azam, na mawimbi yake yanatoka setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki. Kutoka Mtwara mjini, hiyo iko magharibi ikipinda kidogo kaskazini, kwa lugha ya mtaani upande wa Mikindani, na juu kwa nyuzi 50 hivi kutoka usawa wa ardhi. Dishi lenyewe litaonekana limesimama wima kuliko hivyo, kwa sababu LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi mbele ya dishi, imewekwa chini ya katikati na sahani inaakisi kwa mshazari. Usimruhusu mtu anayejitia fundi alilaze zaidi eti halitazami juu ya kutosha.

Kinachofuata ni muhimu kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati mvua za kusini zinakutana na mzunguko wa pili wa ligi. Mawimbi haya ni ya urefu mdogo sana, na matone makubwa ya mvua yanayanyonya njiani. Kwa kuwa dishi linatazama magharibi kwa nyuzi 50, mvua inayokuharibia picha ni ile iliyosimama kilomita tatu nne upande wa Mikindani. Picha inaweza kupiga chenga na kuganda wakati kibandani kwako hakuna hata tone, na ikarudi wakati kwako ndiyo kwanza inamwagika. Kwa hiyo kelele za "kapindueni dishi" hazina maana. Likiguswa likasogea nyuzi moja tu, dishi la sentimita 90 linapoteza takribani nusu ya nguvu ya mawimbi, na mvua ikiisha picha hairudi. Wingu likija, mikono mfukoni.

Kinachosaidia ni ukubwa. Dishi la 90 lina eneo mara mbili na robo ya lile la 60, na akiba hiyo ndiyo inayovuka mvua ya wastani. Mvua kubwa ya radi italishinda hata hilo, lakini litarudi mapema. Mtwara kuna adui wa pili, chumvi ya bahari. Vichwa vya kebo kwenye LNB vinaota kutu haraka kuliko bara, hasa Shangani na maeneo ya pwani kabisa. Picha inayokatika usiku wenye umande na kupona mchana wa jua, mara nyingi ni maji yaliyoingia kwenye kichwa cha kebo. Kata sentimita tano, funga kichwa kipya, zungushia mpira, kisha acha kebo itengeneze kitanzi chini ya LNB ili maji yadondoke badala ya kufuata waya. Na mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba jua hupita nyuma ya setilaiti karibu saa tisa alasiri, picha ikayumba kwa dakika chache. Hilo halina fundi.

Kifurushi je? Kibanda kinacholipia siku ya mechi, nusu saa kabla, kinacheza kamari. Malipo ya simu yakikwama au king'amuzi kikiwa kimezimwa wakati ruhusa inatumwa, kitakaa na maandishi ya kulipia kwenye skrini huku mpira umeanza. King'amuzi kinatakiwa kiwe kinawaka kwenye chaneli yenyewe wakati wa kulipa. Na kisifunikwe kitambaa cha kufumwa wala kuwekwa juu ya amplifaya. Joto linajilimbikiza polepole, na kikianza kuganda kitaganda baada ya saa moja na nusu ya kazi. Piga mahesabu mwenyewe hiyo ni dakika ya ngapi.

Kuna jambo ambalo vibanda vingi havilioni kama huduma, nalo ndilo linaloharibu utamu kuliko chenga: kuchelewa. Redio iko mbele ya runinga kwa sekunde kadhaa. Dishi liko mbele ya programu ya simu, ambayo huchelewa sekunde 20 hadi 40, wakati mwingine zaidi bando likiwa dhaifu. Hata vibanda viwili vyenye madishi vinaweza kupishana kidogo. Kibanda kinachorusha mechi kwa simu iliyounganishwa na runinga, jirani na kibanda cha dishi, kinauza marudio. Utasikia mtaa wa pili umelipuka wakati wewe unaona kipa anapanga ukuta. Kwa mechi isiyo na presha unaweza kuvumilia. Kwa mechi kama Simba na Nkana ya Zambia, Desemba 23, 2018, ambapo Simba ilikuwa imefungwa 2-1 Kitwe, ikaruhusu goli mapema nyumbani, na goli la tatu, la Clatous Chama, lililoamua mambo likaja dakika za lala salama, kuambiwa na jirani ni kuibiwa. Uliza mlangoni: "Hii ya dishi au ya simu?" Kama ni ya simu, lipa nusu au ondoka. Na wale wenye mikeka ya kubeti waombwe kuzima milio ya simu. Taarifa ya goli kwenye simu inaweza kutangulia picha, na uso wa mtu mwenye mkeka hauwezi kutunza siri.

Skrini. Inchi 43 inatosha mtu aliye mita nne. Inchi 55 inakwenda hadi mita tano, baada ya hapo namba za jezi zinakuwa madoa. Kibanda chenye mabenchi tisa na runinga ya 43 kinawauzia sauti watu wa nyuma. Projekta ni nzuri usiku tu. Mechi ya saa 10 jioni, mwanga unaopenya kwenye matundu ya bati unafanya nyasi kuwa za kijivu. Angalia pia kebo: ile ya HDMI inaleta picha safi, lakini bado kuna wanaotumia waya wa rangi tatu, na mpira unapotea kila unapopigwa mrefu. Picha ikiwa imevutwa mpaka ubao wa matokeo umekatika juu, sema mapema. Kitufe kimoja cha remoti kinamaliza.

Ila urefu wa runinga kutoka sakafuni ni muhimu kuliko inchi zake. Timu ikirudisha goli, watu hawakai tena. Kuanzia hapo benchi la kwanza limesimama, la pili limesimama juu ya benchi. Ukingo wa chini wa skrini ukiwa chini ya mita 1.9, nusu ya ukumbi haitaona goli la ushindi. Lile la nne la Liverpool siku ile, dakika ya 79, lilitokana na kona iliyochukuliwa haraka wakati mabeki wa Barcelona hawajajipanga. Aliyekuwa amezibwa na bega la mtu sekunde tatu hakuona chochote. Kaa benchi la tatu, upande wa njia. Pembeni kabisa epuka, rangi zinapauka.

Sauti inataka maneno machache. Spika za vigodoro zimetengenezwa kwa mdundo, sauti ya mtangazaji inazama. Punguza besi, pandisha treble. Spika ya bluetooth inachelewesha sauti nyuma ya picha, kwa hiyo waya ni bora.

Sasa kero kubwa kuliko zote kwa mashabiki wa kusini. Namungo inacheza nyumbani Ruangwa, Uwanja wa Majaliwa, imefungwa moja, inashambulia. Dakika ya 65 Simba au Yanga inaanza Dar es Salaam, na mwenye kibanda anahamisha chaneli. Wauaji wa Kusini wanapindua meza nyumbani kwao na mtu wa Mtwara anayajua matokeo kesho yake. Kibiashara inaeleweka, Wananchi (Yanga) na Mnyama (Simba) ndio wanaojaza mabenchi. Kihuduma ni dharau, kwa sababu aliyelipa amelipia dakika 90. Runinga mbili peke yake hazitatui, kwani king'amuzi kimoja kinatoa chaneli moja kwenye skrini zote. Vinatakiwa ving'amuzi viwili, kila kimoja na kifurushi chake, na LNB yenye matundu mawili au zaidi ya kebo. Kumbi zenye mpangilio huo zipo chache, na ndizo zinazostahili kupandisha bei. Kwingine, kabla ya kulipa muulize mwenye kibanda mbele ya mashahidi kama mechi yako itafika mwisho.

Hewa na usalama havina mjadala mrefu. Bati bila dari, joto la pwani, watu 60, milango lazima iwe miwili na yote ifunguke kwenda nje bila kufuli wakati wa mechi. Paa la makuti ni baridi zaidi ila moto wa sigara hauna msamaha nalo. Jenereta ikae nje, upande ambao upepo hauingizi moshi ndani, na dumu la petroli lisikae chini ya benchi la mtu. Kibanda chenye mlango mmoja na jenereta kizingitini hakifai hata kikiwa bure.

Chakula kinabebwa na wauzaji wa nje, na hapo Mtwara haina mpinzani: supu ya pweza, mihogo ya kukaanga na pilipili, korosho, na msimu ukiwepo, ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha yenye chumvi. Nunua kabla ya mechi au mapumziko. Anayetoka dakika ya 80 kufuata mishkaki anajitakia.

Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa 5 usiku Novemba hadi Machi, na saa 4 miezi ambayo wao wamesogeza saa mbele. Ikienda dakika 120 na matuta unatoka karibu saa 8 usiku, kwa hiyo panga bodaboda na nauli kabla, maana bei ya saa hiyo anaipanga mwenye pikipiki.

Kwa bei, Sh 500 ya kibanda cha mbao chenye dishi la 90 na UPS ni halali kabisa, alama nne kati ya tano. Sh 1,000 ni sawa kama kuna jenereta iliyojaribiwa siku hiyo hiyo, na jaribio lenyewe ni kuiomba iwashwe kabla mechi haijaanza. Zaidi ya hapo lipa tu penye ving'amuzi viwili na skrini iliyoinuliwa. Siku ya marudiano ya timu iliyofungwa ugenini fika saa moja kabla, kwa sababu kwa Mkapa hatoki mtu, na kibandani vilevile hatoki mtu akakuachia benchi la tatu.